Dunlop: Daktari wa mifugo aliyeipa pikipiki tairi ya upepo

MWENDESHAJI wa pikipiki kubwa ya safari ndefu anayeondoka mjini Nakuru kuelekea Nyahururu hupita Bahati, akapanda penye msitu na baridi, kisha akateremka kona baada ya kona hadi bonde la Subukia. Pikipiki ya aina hiyo huwa na uzito wa takribani kilo 300 kabla ya kuongeza dereva, abiria na mizigo. Uzito huo wote, hata katika kasi kubwa, hukaa juu ya vipande viwili vya mpira vinavyogusa lami, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja cha mkono.

Tairi zinapoisha, uamuzi wa kununua nyingine huwa si wa bei pekee. Ni uamuzi wa uhai. Na maswali anayopaswa kujiuliza mnunuzi kuhusu barabara, mzigo na upepo yalianza kujibiwa zaidi ya miaka 130 iliyopita na mtu ambaye hakuwa mhandisi wala mwanamashindano. Alikuwa daktari wa mifugo, na jina lake lilikuwa John Boyd Dunlop.

Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika kijiji cha Dreghorn, eneo la Ayrshire, Scotland, katika jamaa ya wakulima. Utotoni aliambiwa kwamba alizaliwa miezi miwili kabla ya wakati wake. Kwa sababu hiyo aliishi akiamini kuwa ana afya dhaifu, akajitunza kama mgonjwa ilhali hakuwa na maradhi makubwa.

Alisomea udaktari wa mifugo mjini Edinburgh, akafanya kazi huko kabla ya kuhamia Ireland mwaka wa 1867. Pamoja na nduguye James, alifungua kituo cha kutibu wanyama mjini Downpatrick. Mwaka wa 1871 alimwoa Margaret Stevenson, nao wakajaliwa mwana na binti. Baadaye Dunlop alihamia Belfast, na kufikia katikati ya miaka ya 1880, kazi yake ya utabibu wa mifugo ilikuwa miongoni mwa kubwa zaidi kote Ireland.

Siku hizo, baiskeli na magari ya farasi yalitembea juu ya magurudumu ya chuma au ya mpira mgumu usio na upepo. Barabara za Belfast zilikuwa za mawe. Mwanawe Dunlop alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, na kila alipoiendesha alitikiswa vikali. Mwaka wa 1887, baba huyo aliamua kutafuta dawa.

Alichukua gurudumu la mbao lililo bapa kama sahani, akalizungushia mpira mwembamba wa ndani, akaufunika kwa kitambaa cha kitani na kukipigilia misumari kwenye mbao. Kisha akaujaza mpira huo upepo kwa pampu ya kandanda.

Kabla ya kukiamini kifaa chake, alikipima. Uani kwake alilisukuma gurudumu la kawaida la baiskeli ya mwanawe, likabingirika na kuanguka kabla ya kufika mwisho wa ua. Aliposukuma lile lenye upepo, lilivuka ua wote, likagonga mwimo wa lango na kurudi nyuma. Dunlop aliona kwamba upepo haukuleta starehe peke yake, bali pia ulipunguza nguvu iliyopotea gurudumu lilipogonga mawe.

Tarehe 7 Desemba 1888 alipewa hataza ya uvumbuzi huo. Hata hivyo, waendesha baiskeli wengi waliziona tairi hizo nene kuwa kichekesho. Kicheko kilikoma tarehe 18 Mei 1889 mjini Belfast, pale Willie Hume alipoingia mashindanoni akiwa na tairi za Dunlop na kuwashinda wapinzani waliotarajiwa kutwaa ushindi. Mfanyabiashara wa Dublin, Harvey du Cros, ambaye wanawe walikuwa waendesha baiskeli wa mashindano, alitambua mara moja kwamba biashara kubwa imezaliwa. Dunlop alimkabidhi hataza yake, naye akapewa hisa katika kampuni mpya.

Wakati huo ndipo pigo lilipomwangukia. Ilibainika kwamba Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amepata hataza ya tairi ya upepo tangu mwaka wa 1845. Uvumbuzi wa Thomson ulikuja kabla ya baiskeli kuenea, ukasahaulika. Dunlop hakuwa amemwibia mtu wazo, kwani alilifikia mwenyewe bila kujua habari za mwenzake. Lakini sheria haikuangalia nia. Hataza yake ilipoteza nguvu, na kampuni ikalazimika kutegemea hataza za watu wengine, hasa zile za kuifunga tairi kwenye rimu kwa namna iliyoruhusu kuiondoa na kuziba pancha. Mgala muue na haki yake mpe: Thomson alitangulia kuvumbua, naye Dunlop ndiye aliyeifanya dunia iitumie.

Dunlop alijiuzulu kutoka kampuni hiyo mwaka wa 1895. Mwaka uliofuata iliuzwa kwa pauni milioni tatu za Uingereza, na mnunuzi akaiuza tena kwa milioni tano. Mtu ambaye jina lake lilibakia kwenye tairi hakupata utajiri mkubwa kutokana nazo. Aliishi Dublin, akiwa na sehemu katika biashara ya nguo.

Yapo pia madhara ambayo Dunlop hakuyakusudia, lakini ambayo historia ya tairi haiwezi kuyaficha. Kiu ya mpira iliyoletwa na tairi za baiskeli, na baadaye magari, iliwafikia watu wa Kongo chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Wanavijiji walilazimishwa kugema mpira msituni, na walioshindwa kufikisha kiasi walichopangiwa waliteswa, wake zao wakashikwa mateka, na wengi wakauawa. Ripoti ya mwaka wa 1904 ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza aliyezaliwa Ireland, iliyaanika maovu hayo mbele ya ulimwengu. Mwaka wa 1908 Leopold aliondolewa umiliki wa nchi hiyo, nayo ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji.

Pikipiki nazo hazikuchelewa kunufaika. Mwaka wa 1894, kampuni ya Hildebrand & Wolfmüller mjini Munich, Ujerumani, ilianza kuuza pikipiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi, nayo ilitembea juu ya tairi za upepo. Tangu hapo tairi zimebadilika sana. Katika miaka ya 1980 pikipiki kubwa zilianza kupata tairi za radiali, ambazo nyuzi zake za ndani hulazwa moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, hivyo kupunguza joto katika mwendo wa kasi. Lakini kinachobeba mzigo hadi leo ni upepo, kama ilivyokuwa uani kwa Dunlop.

Kwa mwendeshaji wa Bahati, funzo la kwanza kutoka kwa daktari huyo ni kuanza na barabara yenyewe. Tairi laini za mashindano hushika lami vyema zikishapata joto, lakini asubuhi ya baridi katika mlima wa kwenda Subukia huchelewa kupata joto hilo, na huisha upesi. Tairi za safari ndefu huwa na mifereji mingi zaidi ya kusukuma maji ya mvua, na nyingi huwa ngumu katikati, ambapo hutumika zaidi barabara inaponyooka, na laini pembeni, ambapo pikipiki hulalia kwenye kona.

Funzo la pili ni kuheshimu mzigo. Maandishi ya ubavuni si mapambo. Tairi ya nyuma iliyoandikwa 180/55 ZR17 73W ina upana wa milimita 180, kimo cha asilimia 55 ya upana huo, na hufungwa kwenye rimu ya inchi 17. Namba 73 humaanisha kwamba inaweza kubeba kilo 365, na herufi W kwamba inastahimili kasi ya hadi kilomita 270 kwa saa. Anayebeba abiria na masanduku hapaswi kukubali namba ya mzigo iliyo chini ya ile iliyowekwa na mtengenezaji wa pikipiki. Aidha, kufunga tairi ya gari nyuma kwa kuwa hudumu zaidi ni hatari: tairi ya pikipiki ni ya mviringo ili iweze kulala kwenye kona, ilhali ya gari ni bapa.

Funzo la tatu ni kupima kabla ya kuamini. Namba nne za mwisho za alama ya DOT huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi inayoonekana mpya huenda imekaa dukani miaka mingi mpira wake ukikauka. Upepo nao upimwe tairi ikiwa baridi, kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki, kwa sababu tairi yenye upepo haba hupata joto kupita kiasi na huweza kupasuka. Na siku za kwanza tairi mpya huteleza, hivyo kona za Subukia zingojee hadi uso wake ukwaruzike.

Oktoba 1921, mtu huyo aliyejidhania mgonjwa maisha yake yote alishikwa na baridi, akafariki ghafla mjini Dublin tarehe 23 mwezi huo. Alikuwa na umri wa miaka 81. Alizikwa katika makaburi ya Deansgrange, akiwaachia wasafiri wa dunia nzima kazi aliyoianza kwa ajili ya mtoto mmoja. Wanaopita Bahati kwa pikipiki leo wanaitegemea kazi hiyo katika kila kona, na hawana sababu ya kuuachia bahati uamuzi wa tairi.