Grzimek: Mjerumani aliyeipeleka Serengeti sebuleni

WATALII wengi wanaopita ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro kuelekea Serengeti husimama kwa muda mbele ya mnara wa mawe wenye umbo la piramidi. Hapo wamelala baba na mwanawe, wote raia wa Ujerumani. Mwana alizikwa mwaka 1959 akiwa na umri wa miaka 24. Baba alimfuata miaka 28 baadaye, majivu ya mwili wake yalipoletwa Tanzania kutoka Ulaya.

Baba huyo ni Profesa Bernhard Grzimek, daktari wa mifugo ambaye jina lake haliwezi kutenganishwa na historia ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti.

Siku hizi mtu aliyeko Dar es Salaam, London au Tokyo anaweza kufungua kompyuta yake usiku na kuwaona tembo wakinywa maji porini wakati huohuo. Kamera za namna hiyo zilianza kurusha picha kwa njia ya intaneti kutoka mbuga za Afrika Kusini mwaka 1998. Hata hivyo, wazo la kumlinda mnyama wa Afrika kwa kumwonyesha kwa watu walio mbali naye lilikuwa limekwishafanyiwa kazi na Grzimek zaidi ya miaka 40 kabla ya hapo.

Grzimek alizaliwa Aprili 24, 1909 katika mji wa Neisse, ambao wakati huo ulikuwa sehemu ya Ujerumani na sasa uko Poland, ukijulikana kwa jina la Nysa. Alisomea udaktari wa wanyama, kisha akaajiriwa katika utumishi wa kilimo wa serikali ya Manazi. Jina lake lilionekana katika kumbukumbu za wanachama wa chama hicho, jambo ambalo yeye alilikana.

Vita Kuu ya Pili ilipomalizika mwaka 1945, alikabidhiwa bustani ya wanyama ya jiji la Frankfurt. Mabomu yalikuwa yameiharibu vibaya na wanyama waliobaki walikuwa wachache mno. Wengi waliona ni afadhali ifungwe, lakini Grzimek aliijenga upya na kuiongoza hadi mwaka 1974.

Safari zake barani Afrika katika miaka ya 1950 ndizo zilizobadili mwelekeo wa maisha yake. Pamoja na mwanawe Michael alitengeneza filamu kuhusu wanyamapori wanaokosa mahali pa kuishi, ambayo ilipata tuzo katika tamasha la Berlin mwaka 1956. Mapato yake walitaka kuyatumia kununua ardhi ili kuipanua Serengeti, hifadhi iliyokuwa chini ya serikali ya kikoloni ya Waingereza huko Tanganyika. Mkurugenzi wa hifadhi hizo, Peter Molloy, aliwashauri jambo jingine: wawahesabu wanyama na kuchunguza njia wanazopita, kwa sababu hakuna aliyekuwa na takwimu za kuaminika.

Wakati huo serikali ilikuwa na mpango wa kubadili mipaka ya Serengeti kwa kuitenga Ngorongoro na sehemu ya nyanda za mashariki. Baba na mwana walijifunza kurusha ndege, wakanunua ndege ndogo aina ya Dornier, wakaipaka milia ya pundamilia na kuirusha kutoka Frankfurt hadi Serengeti. Mapema mwaka 1958 waliruka juu ya nyika hizo siku baada ya siku wakihesabu. Walipata jumla ya wanyama wakubwa takriban 367,000, wakiwamo nyumbu wapatao 100,000. Walibaini pia kwamba nyumbu katika mzunguko wao wa mwaka huyafuata majani hata nje ya mipaka iliyokuwa inapangwa.

Ndipo msiba ulipowafika. Januari 10, 1959, Michael alikuwa peke yake ndani ya ndege ile ya milia ilipogongana na tai angani. Bawa liliharibika, ndege ikaanguka, naye akafariki dunia. Baba yake, ambaye hakuwamo katika safari hiyo, alimzika ukingoni mwa kreta.

Mtu mwingine huenda angefungasha virago na kurejea kwao. Grzimek alikamilisha kitabu na filamu walivyokuwa wameanza pamoja, vyote vikiwa na jina lenye wito kwamba Serengeti isife. Filamu hiyo ilitunukiwa Oscar mwaka 1960, ikiwa filamu bora ya maelezo ya kweli. Mipaka haikuwekwa kama alivyotaka, kwani Ngorongoro ilitengwa mwaka 1959. Hata hivyo, Serengeti iliongezewa eneo upande wa kaskazini hadi mpakani mwa Kenya, ambako nyumbu hupita.

Silaha yake kubwa zaidi ilikuwa televisheni. Kuanzia Oktoba 1956 aliendesha kipindi kuhusu wanyama ambacho kilidumu hadi mwaka aliofariki. Aliketi nyuma ya meza akiwa amevaa suti, akazungumza taratibu kwa sauti ya puani, huku duma au sokwe aliyeletwa kutoka bustani ya wanyama akirandaranda mezani. Kisha zilifuata picha kutoka Afrika, na mwisho ombi la mchango.

Wajerumani waliochangia hawakuwa matajiri peke yao, bali pia wazee wa pensheni na watoto wa shule. Fedha hizo, kupitia shirika la wanyama la Frankfurt, zilisaidia hifadhi za Tanzania. Huko Seronera ilijengwa maabara yenye jina la Michael, ambayo ikawa chimbuko la taasisi ya utafiti ya Serengeti.

Grzimek hakukosa ujanja. Baadaye alisimulia jinsi alivyotangaza katika kipindi chake kwamba zipo safari za bei nafuu za kwenda Afrika Mashariki, ilhali hazikuwapo. Watazamaji walizimiminikia kampuni za utalii wakiziulizia, na kampuni hizo zikalazimika kuzianzisha. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: nchi changa zingewatunza wanyama iwapo wanyama hao wangeziletea fedha za kigeni.

Hata hivyo, picha alizowapelekea Wajerumani zilikuwa na pengo. Grzimek alishikilia kuwa hifadhi ya taifa haipaswi kukaliwa na binadamu yeyote, hata mwenyeji. Aprili 1958 wazee 12 wa Kimaasai walitia saini hati ya kuiachia Serengeti, na watu wao wakahamia Ngorongoro na mifugo yao. Aliyekuwa akitazama kutoka Frankfurt aliona nyika tupu yenye wanyama, na hakuonyeshwa kwamba nyika hiyo ilikuwa malisho ya watu. Mgogoro wa nani akae wapi haujazikwa. Mwaka 2022 familia za kwanza kutoka Ngorongoro zilihamishiwa Msomera, wilayani Handeni, huku kukiwa na ubishani mkali.

Kuna jambo jingine lisilosemwa mara nyingi. Katika miaka yote hiyo, wakati watoto wa Ujerumani wakiwafahamu simba wa Serengeti kwa kuwatazama jioni, Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Kilipatikana mwaka 1994, miaka saba baada ya Grzimek kufariki. Wenye wanyama walikuwa wa mwisho kuwaona wanyama wao kwa njia hiyo.

Grzimek aliaga dunia ghafla Machi 13, 1987 mjini Frankfurt, akiwa kwenye sarakasi akitazama onyesho la chuimilia. Alikuwa amebakiza majuma machache kutimiza miaka 78.

Nyumbu aliowahesabu waliongezeka na kupita milioni moja katika miaka ya 1970, baada ya ugonjwa wa sotoka kudhibitiwa, na wangali wakizunguka kati ya Tanzania na Kenya kila mwaka. Kaburi la baba na mwana lipo palepale, katika ardhi ambayo Grzimek alipinga isitengwe na Serengeti na ambayo Wamaasai waliahidiwa kuwa makazi yao.