Dk. Williamson, mjiolojia aliyeufuata mchanga hadi Mwadui

KWA vijana wengi wa mijini, Mwadui ni jina la timu ya soka iliyowahi kucheza Ligi Kuu. Kwa wazee wao ni almasi, na pamoja na almasi huja jina la Mzungu mmoja aliyeishi peke yake katikati ya Usukuma, akawa tajiri kupita kiasi, kisha akafariki dunia bila mke wala mtoto wa kumrithi.

Huyo ndiye Dk. John Thoburn Williamson, raia wa Kanada aliyeugundua mgodi wa Mwadui mwaka 1940. Zimepita zaidi ya nusu karne tangu afariki, lakini simulizi za jinsi alivyoipata almasi yake bado zinatembea. Wapo wanaosema gari lake lilikwama kwenye tope, na wakati wa kulichimbua magurudumu jiwe likang'aa. Wapo wanaosema alikaa chini ya mbuyu kupumzika, akaliona miguuni pake.

Simulizi hizo ni tamu kwenye baraza, lakini hazimtendei haki. Kabla ya siku ile ya Machi 1940 Williamson alikuwa ametumia miaka kadhaa ya ujana wake, na karibu kila senti aliyokuwa nayo, kulitafuta jambo moja ambalo wenzake walikuwa wameshalikatia tamaa.

Alizaliwa Februari 10, 1907 huko Montfort, katika jimbo la Quebec. Alipoingia Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, alikusudia kusoma sheria. Safari ya masomo ya nje wakati wa kiangazi, huko Labrador, ndiyo iliyombadilisha. Kijana aliyekwenda kuyatazama mawe kwa udadisi tu alirudi akiwa ameacha sheria, na mwaka 1933 akahitimu shahada ya uzamivu katika jiolojia.

Mwaka uliofuata alivuka bahari kuja Afrika kufanya kazi ya utafiti wa madini katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kutoka huko alipanda hadi Tanganyika, akaajiriwa na kampuni iliyokuwa ikitafuta almasi na dhahabu, na kupelekwa Mabuki, kusini mwa Mwanza.

Ni vyema kukumbuka hali ya wakati ule. Miaka ya 1930 ilikuwa miaka ya dhahabu. Bei yake ilipanda wakati mazao mengine yote yakiporomoka, na watu wa kila aina walimiminika Lupa, kusini-magharibi mwa Tanganyika, na Kakamega nchini Kenya. Geita nako mgodi ulikuwa ukijengwa, ambao baadaye uliongoza Afrika Mashariki yote kwa dhahabu. Mtu aliyeng'ang'ania almasi katika nyakati hizo alionekana kama mkulima anayepanda mawese kwenye ardhi ya mtama.

Mabuki ilikuwa na almasi, lakini chache. Kampuni ilipima gharama zake, ikaona hailipi, ikaamua kufunga. Mwajiriwa wa kawaida angefungasha mizigo yake na kutafuta kazi kwingine. Williamson alinunua haki za mgodi ule kwa fedha zake mwenyewe, na kidogo alichokipata pale akakitumia kuendeleza utafutaji.

Kwa nini alibaki? Jibu liko katika jiolojia, na ndilo linalomtofautisha na mtu aliyekwama kwenye tope.

Dhahabu ya Kanda ya Ziwa imo ndani ya miamba mikongwe mno, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mtafutaji wa dhahabu huufuata mkanda wa miamba hiyo, hutafuta mishipa ya mawe meupe ya kwatsi, huyavunja na kuyasaga. Akipoteza mshipa huu, huenda akaukuta mwingine umbali wa hatua chache, kwa kuwa mkanda wenyewe unaonekana na unapimika.

Almasi haina ukarimu wa namna hiyo. Huumbika chini sana ya ardhi, zaidi ya kilomita 150, mahali penye mgandamizo ambao juu ya uso wa dunia haupo. Hupandishwa juu na mwamba ulioyeyuka uitwao kimbalaiti, unaopasua njia yake kwa kishindo cha volkano na kuganda ukiwa na umbo la karoti, pana juu na nyembamba chini. Karoti hizo ni chache, zimetawanyika, na nyingi hazina almasi yoyote. Isitoshe, kimbalaiti ni mwamba laini. Huoza, ukafunikwa na udongo na nyasi, na ng'ombe wakapita juu yake vizazi na vizazi.

Kinachomwokoa mtafutaji ni vitu vidogo vinavyosafiri na almasi. Mwamba unapooza huachia chembe nyekundu za ganeti na chembe nyeusi, nzito, za ilmenaiti. Mvua huzikokota hadi kwenye vijito. Mwenye subira huchota changarawe, huichekecha kwa maji, huhesabu chembe, kisha husogea. Zikiongezeka anajua anakaribia chanzo, zikipungua anajua amepotea njia.

Kwa Williamson hoja ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuiishi. Mawe yaliyookotwa hapa na pale katika nyanda za Usukuma hayakutoka mbinguni. Lazima yalikuwa na mahali yalikotokea, na bila shaka Mabuki haikuwa peke yake. Alikwenda na kundi dogo la vibarua, wakichimba vishimo, wakichekecha mchanga, wakihama kambi. Alisumbuliwa na malaria. Fedha zilimwishia, akakopa, zikamwishia tena.

Hapo ndipo linapoingia jina ambalo simulizi za mitaani hulisahau, la Iqbal Chand Chopra. Huyu alikuwa wakili wa Kihindi mjini Mwanza, ambaye baadaye alikuja kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Chopra alimwamini Williamson wakati ambao ushahidi wa kumwamini ulikuwa haba. Alimsaidia kwa fedha na kwa ushauri wa sheria, na baadaye akawa mbia wake. Pasipo wakili huyo, yaelekea safari ingeishia njiani.

Machi 6, 1940 mchanga ulitoa jibu, kaskazini-mashariki mwa mji wa Shinyanga, mahali paitwapo Mwadui, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Kishapu. Williamson alikuwa na umri wa miaka 33.

Ukubwa wa kile alichokipata haukueleweka siku hiyo. Ulieleweka taratibu, kadiri vishimo vilivyoongezeka na ukingo wa mwamba ukaendelea kukimbia mbele. Bomba la kimbalaiti la Mwadui lina eneo la hekta 146 usoni mwa ardhi, sawa na viwanja vya soka vipatavyo 200. Ni miongoni mwa mabomba makubwa kabisa ya almasi yaliyowahi kuchimbwa duniani.

Sababu ya ukubwa huo ni ya kuvutia. Mwadui ni changa kwa hesabu za wanajiolojia, ina kiasi cha miaka milioni 40 hadi 50 tu, na tangu ilipolipuka mmomonyoko umeila kidogo sana. Kule Kimberley, Afrika Kusini, sehemu kubwa ya kichwa cha karoti imeshaliwa na mvua na upepo, na wachimbaji wakaanzia shingoni. Mwadui kichwa kipo. Hata tope la ziwa lililotuama ndani ya kreta ya kale limehifadhiwa humo.

Hata hivyo, ukubwa si utajiri wa mkupuo mmoja. Changarawe ya juu, ambayo mvua za mamilioni ya miaka zilikuwa zimeichambua, ndiyo iliyokuwa nono, na ndiyo iliyombeba Williamson miaka ya mwanzo. Mwamba wenyewe ulio chini hutoa wastani wa chini ya karati 10 kwa kila tani 100, yaani hata gramu mbili hazifiki. Pamoja na hayo, tangu ulipofunguliwa mgodi huo umetoa zaidi ya karati milioni 19.

Ulimwengu wakati huo ulikuwa vitani. Mitambo ilikuwa haipatikani, mafuta yalikuwa ya mgawo, na vibarua walikuwa wachache. Williamson alijenga kwa alichokiokota, akaunda mitambo ya kuoshea changarawe kwa vyuma vilivyokuwapo. Vita hiyohiyo ilimfaa kwa upande mwingine, kwa sababu viwanda vya silaha vilihitaji almasi za kukatia vyuma.

Vita ilipokwisha, pori la mibuyu lilikuwa limegeuka mji. Mwadui ilikuwa na nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule, maduka na uwanja wa ndege, vyote ndani ya uzio. Kuingia kulihitaji ruhusa, na kutoka kulihitaji kupekuliwa. Uzio huo uliwaacha nje Wasukuma waliokuwa wakilisha mifugo katika ardhi hiyo kabla ya jina la kampuni kuandikwa popote. Wengi wao walirudi ndani kama vibarua.

Oktoba 1947 ilipatikana almasi ya waridi yenye karati 54.5. Williamson aliitoa kuwa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyeolewa mwezi uliofuata. Mafundi wa London waliikata mwaka 1948 ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikawekwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua iliyotengenezwa na Cartier. Malkia alionekana nayo kifuani, mbele ya kamera za dunia nzima, siku ya harusi ya mwanawe Charles mwaka 1981. Binti Mfalme Margaret, mdogo wake Malkia, yeye alifika Mwadui mwenyewe mwaka 1956.

Zawadi hiyo ndiyo iliyompa sifa Ulaya. Lakini jambo zito zaidi la maisha yake lilitendeka mbali na kamera.

Tangu mwishoni mwa karne ya 19 biashara ya almasi duniani ilikuwa mikononi mwa De Beers na washirika wake. Wao ndio waliopanga kiasi gani kiuzwe na kwa bei gani. Mwenye mgodi aliyekuwa nje ya mpango huo alikuwa kama mwiba, kwa kuwa angeweza kumwaga mawe sokoni na kuishusha bei ya wote. Na Mwadui haukuwa mgodi mdogo wa kupuuzwa.

Williamson alikubali kuuza kupitia mfumo huo, lakini hakukubali kila alichoambiwa. Alipoona bei anazopewa hazilingani na ubora wa mawe yake, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alizuia almasi zake na kuzirundika ghalani. Kampuni yake haikuwa na wanahisa wa London wala Johannesburg wa kumpigia kelele, hivyo aliweza kungoja. Sir Ernest Oppenheimer, mwenyekiti wa De Beers, ambaye wakuu wa serikali walimwendea kwa adabu, alilazimika kufanya mazungumzo na mseja huyu wa Shinyanga. Makubaliano yalifikiwa kwa bei nafuu zaidi kwa Mwadui, na mgodi ukabaki mali ya aliyeugundua.

Alikuwa mtu wa faragha, asiyependa hafla wala waandishi wa habari. Ukaidi uliomweka Mabuki wakati kampuni ilipoondoka ndio huohuo uliomfanya asiuze, ingawa wanunuzi walikuwapo tayari. Kosa lake, kama ni haki kuliita kosa, ni kwamba mgodi ulimtegemea yeye peke yake. Hakuandaa mtu wa kuushika msimamo huo baada yake.

Saratani ya koo ilimkuta akiwa bado mwenye nguvu za kazi. Novemba 1957 Sir Ernest Oppenheimer alifariki dunia huko Johannesburg. Wiki sita baadaye, Januari 8, 1958, Williamson naye alifariki, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 51.

Mgodi uliwaangukia ndugu zake. Miezi saba ilitosha. Agosti 1958 waliuuza, na wanunuzi walikuwa wawili kwa hisa sawa: serikali ya kikoloni ya Tanganyika na De Beers. Kile ambacho mzee Oppenheimer alikitaka bila kukipata, mwanawe Harry alikipata pasipo mvutano.

Nusu ya serikali ndiyo iliyorithiwa na Tanganyika huru mwaka 1961. Miaka ya mwanzo ya 1970 mgodi ulitaifishwa, kisha mwaka 1994 De Beers wakarudi wakiwa na asilimia 75, na mwaka 2009 hisa hizo zikachukuliwa na kampuni ya Petra Diamonds. Mikono yote hiyo ilipopita, jina la kampuni ya mgodi lilibaki Williamson Diamonds Limited.

Nje ya uzio, katika mji mdogo wa Maganzo ulio kando ya barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza, wachimbaji wadogo bado wanachimba vishimo, wanachota changarawe na kuichekecha kwa maji, wakitafuta mawe yaliyokokotwa na mvua kutoka Mwadui.