GEORGE HARRISON: MPIGA GITARI ALIYENGOJA ZAMU YAKE



Katika namba hii ya gazeti letu tumeona vizuri kuwaeleza maisha ya mpiga gitari mmoja wa Uingereza. Ninyi nyote munajua jina la okestra The Beatles. Mulikuwa vijana wane: John Lennon, Paul McCartney, George Harrison na Ringo Starr. Kila mtu anataja wale wawili wa kwanza. Sisi tumechagua yule wa tatu, yule mwenye kunyamaza, juu ya kazi aliyoifanya peke yake kisha okestra kuvunjika.

1. Utoto wake

George Harrison alizaliwa katika mji wa Liverpool tarehe 25 Februari 1943, wakati wa vita. Jamaa yake haikuwa ya watajiri. Baba yake alikuwa mtu wa kazi ya bisi. Watoto walikuwa wane, na George ndiye kitinda mimba. Alipokuwa akienda masomoni ndani ya bisi, alijuana na Paul McCartney, na wote wawili walipenda gitari kupita vitabu. Katika mwaka 1958 aliingia katika kikundi cha John Lennon. Alikuwa mdogo wao wote. Hata katika mwaka 1960, walipokuwa wakipiga muziki kule Hamburg, serikali ya Ujerumani ilimrudisha kwao kwa sababu hakutimiza miaka 18.

2. Mdogo kati ya wakubwa

Ile okestra ikapata sifa dunia nzima. Lakini ndani yake kulikuwa mambo. Lennon na McCartney ndio walitunga karibu nyimbo zote. George naye alitunga, lakini katika kila sahani walimwachia nafasi ya wimbo mmoja ao mbili tu, mara chache zaidi. Hakugombana kila siku. Alikwenda kujifunza. Katika mwaka 1966 alimfuata Ravi Shankar, fundi mkubwa wa muziki wa India, ili amfundishe sitar, chombo cha nyuzi nyingi. Ni kule vilevile alipata dini ya Wahindu, akaishika mpaka kufa kwake.

Katika mwaka 1969, kwa sahani ya Abbey Road, alitoa nyimbo mbili, Something na Here Comes the Sun. Pale watu wakafunguka macho: kumbe huyu mdogo naye ni mtungaji wa kweli!

3. Sahani tatu kwa mara moja

Okestra ilivunjika katika mwaka 1970. George alikuwa amekwisha kutoa sahani mbili zake, Wonderwall Music (1968) na Electronic Sound (1969), lakini hazikuwa nyimbo za kuimba. Sasa alikuwa na nyimbo tele zilizolala miaka. Mwezi wa Novemba 1970 akatoa All Things Must Pass, sahani tatu ndani ya sanduku moja. Wimbo wenye kutoa jina kwa kazi hii, wenzake walikuwa wameujaribu pamoja naye mwanzo wa mwaka 1969, kisha wakauacha. Watu wakanunua sana. Wimbo My Sweet Lord ukawa wa kwanza Uingereza na Marekani pia. Kati ya wale wane, yeye ndiye aliyetangulia kupata nafasi hiyo peke yake. Ni yule mdogo!

4. Nyimbo kwa ajili ya wenye njaa

Wakati ule inchi ya Bangladesh ilikuwa katika mateso. Tufani kubwa iliipiga mwezi wa Novemba 1970, kisha vita ikaanza mwezi wa Machi 1971, na mamilioni ya watu wakakimbilia India. Ravi Shankar, mwenye asili ya Bengali, alimwomba George msaada. Kwa majuma machache George akaita rafiki zake: Bob Dylan, Eric Clapton, Ringo Starr, Billy Preston, Leon Russell. Tarehe 1 Agosti 1971 walipiga mara mbili katika Madison Square Garden ya New York, mbele ya watu karibu 40.000. Dolari zaidi ya 243.000 zilipatikana siku ile kwa UNICEF.

Lakini hapa tutazame vizuri. Sahani na sinema ya siku ile zilileta mamilioni mengine. Walakini wapangaji hawakutengeneza barua mbele ili kazi yao ihesabiwe kuwa ya kusaidia masikini. Serikali ya Marekani ikadai kodi, na sehemu kubwa ya ile feza ikafungwa kwa miaka mingi, huku wenye njaa wakingojea. Moyo mwema ulikuwako, karatasi hazikuwako.

5. Tribinali

Shida ingine ikamfikia. Wenye wimbo He's So Fine, ulioimbwa na The Chiffons katika mwaka 1963, walimshitaki ya kwamba My Sweet Lord imechukua sauti yake. Katika mwaka 1976 juji aliamua kwamba ni kweli, ingawa George alifanya bila kujua, sauti ilibaki tu ndani ya kichwa chake. Tena Allen Klein, aliyekuwa msimamizi wa mambo yake mbele, akanunua haki za ule wimbo wa kwanza, akasimama upande wa wadai! Katika mwaka 1981 George aliamriwa kulipa dolari 587.000, kiasi kile kile Klein alichonunulia, ili Klein asipate faida.

6. Miaka ya mwisho

Hakuwa na bahati siku zote. Katika safari ya Amerika ya mwaka 1974 sauti yake ilikauka, na magazeti yakamsema vibaya. Kisha sahani Gone Troppo (1982) kukosa wanunuzi, alinyamaza miaka tano. Akarudi na Cloud Nine (1987), na wimbo wake mmoja ukawa tena wa kwanza kule Marekani. Alikufa kwa kansere kule Los Angeles tarehe 29 Novemba 2001, mwenye miaka 58. Mtoto wake Dhani na rafiki yake Jeff Lynne walimaliza sahani yake ya mwisho, Brainwashed, iliyotoka katika mwaka 2002.

7. Tunapata nini?

Kwanza, wadogo wa mwaka wa kwanza, musilie kama wakubwa hawawapi nafasi. Mutengeneze kazi yenu, siku itafika. Pili, sisi tunaoshika feza za vikundi, tuandike kila kitu mbele ya kuanza. Tatu, ya mwenzako ni ya mwenzako, hata kama umeichukua bila kujua.