Louis Leakey, mtafiti aliyechonga zana za mawe mwenyewe

Dk. Louis Leakey alizaliwa Kabete, karibu na Nairobi, Agosti 7, 1903, mtoto wa wamisionari Waingereza. Akiwa mvulana aliokota vipande vya jiwe jeusi ling'aalo kama kioo, ambavyo Wakikuyu waliviita nyembe za mizimu. Yeye alitambua kuwa ni zana za watu wa kale.

Enzi hizo wataalamu wengi walitafuta chimbuko la binadamu Asia, si Afrika. Leakey hakukubali. Mwaka 1931 alifika Olduvai, Tanganyika, na kabla ya saa 24 kwisha shoka la mawe lilikuwa limepatikana.

Hakuishia kukusanya. Alijifunza kuzitengeneza: aligonga jiwe kwa jiwe, vipande vyembamba vikabanduka hadi makali yakatokea. Kwa makali hayo alichuna ngozi ya mnyama, watu wakishuhudia.

Mwaka 1964 yeye na wenzake walimtangaza Homo habilis, yaani mtu stadi wa mikono. Alifariki London, Oktoba 1, 1972.

Sisi tuliosomea ugenini tulikariri jina lake bila kushika jiwe. Wanafunzi wetu wa leo walishike.