Henry Sanford, mwanasheria aliyemfungulia Léopold mlango wa Congo

Tarehe 22 Aprili 1884, Marekani ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua bendera ya shirika la Mfalme Léopold wa Pili katika Congo. Aliyeitafuta saini hiyo ni Henry Shelton Sanford.

Alizaliwa Connecticut mwaka 1823, akasomea sheria Heidelberg, Ujerumani. Baadaye aliwatetea wafanyabiashara wa Marekani waliokuwa wakiidai Venezuela fidia juu ya mbolea ya ndege wa baharini. Kati ya 1861 na 1869 aliiwakilisha nchi yake Ubelgiji.

Mjini Washington aliwakaribisha wanasiasa mezani na kumwendea Rais Chester Arthur, akiahidi kwamba bidhaa za Marekani zitaingia Congo bila ushuru.

Mwaka 1886 alianzisha kampuni ya kununua pembe za tembo na mpira. Mwaka 1888 ilimezwa na kampuni ya Wabelgiji. Katika mkutano wa Bruxelles wa 1889-1890, ambako Sanford mwenyewe alikuwa mjumbe, Léopold alipata ruhusa ya kutoza ushuru. Ahadi ikavunjika.

Sanford alifariki mwaka 1891 akiwa na madeni. Wakongomani, ambao hawakuulizwa, walilipa zaidi: kwa kulazimishwa kugema mpira.