Dorothy Day: Mlei aliyeishi kanuni ya watawa mitaani

KATIKA vijiji vya Pwani ya Kusini kama Munje, eneo la Msambweni, mgeni hupewa maji na chakula kabla ya kuulizwa shida iliyomleta. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Mtakatifu Benedikto, aliyeishi Italia katika karne ya 6, naye aliwaagiza watawa wake wampokee kila mgeni kana kwamba ni Kristo mwenyewe. Mmoja wa walioitii kanuni hiyo nje ya kuta za monasteri ni Mmarekani Dorothy Day.

Alizaliwa Brooklyn, New York, mnamo Novemba 8, 1897. Katika ujana wake alikuwa mwanahabari wa magazeti ya kisoshalisti, na dini haikumshughulisha sana. Kuzaliwa kwa bintiye mwaka 1926 kulimgeuza moyo. Desemba 1927 alibatizwa Mkatoliki, akijua fika kwamba hatua hiyo ingemtenganisha na baba wa mtoto, ambaye hakuamini Mungu. Wakaachana.

Mei 1, 1933, Marekani ikiwa imeelemewa na uhaba wa kazi, yeye na Peter Maurin walianzisha gazeti la Catholic Worker, lililouzwa kwa senti moja. Baadaye wakafungua nyumba za ukarimu, ambamo wasio na makao walipata supu, mkate na malazi.

Aprili 1955, akiwa na umri wa miaka 57, Day aliweka ahadi ya kuwa oblati wa Abasia ya Mtakatifu Prokopi, Lisle, karibu na Chicago. Oblati ni mlei anayejiunga kiroho na jumuiya moja ya Wabenedikto na kuahidi kuifuata Kanuni yao kwa kadiri ya hali yake, bila kuacha familia wala kazi.

Ahadi hiyo haikumfungia katika utulivu wa sala pekee. Juni mwaka uo huo alikamatwa New York kwa kukataa kujificha wakati wa mazoezi ya kujikinga na mabomu ya nyuklia. Kwake, mazoezi hayo yaliwazoesha watu kuikubali vita. Mwaka 1957 kosa lilo hilo lilimgharimu kifungo cha siku 30.

Mwaka 1970 alizuru Tanzania, nchi ambayo Wabenedikto walifika mwaka 1888 na kuanzia Pugu. Alivutiwa na siasa ya Ujamaa ya Mwalimu Julius Nyerere.

Alifariki Novemba 29, 1980, katika nyumba ya ukarimu jijini New York. Mwaka 2000 Vatikani iliruhusu mchakato wa kumtangaza mtakatifu uanze, na mwaka 2021 faili lake lilipelekwa Roma.

Wapo wanaodhani utawa ni kuukimbia ulimwengu. Maisha ya Day yanaonyesha kwamba mlango wa monasteri unaweza pia kumrudisha mtu kwa jirani yake mwenye njaa.