Joseph Thomson

Joseph Thomson (Penpont, Uskoti, 14 Februari 1858 – London, Uingereza, 2 Agosti 1895) alikuwa mwanajiolojia na mpelelezi aliyepita katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki. Anakumbukwa kwa msafara wa miaka 1879–1880 uliopitia nchi ya mto Ulanga, ambao leo huitwa pia Kilombero. Jina lake limebaki kwa swala tomi, ambaye Wazungu walimwita kwa jina la Thomson.

Maisha ya awali

Alisoma jiolojia na elimu viumbe katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akafundishwa na mwanajiolojia Archibald Geikie. Mwaka 1878 Chama cha Kijiografia cha Kifalme cha London kilimteua awe msaidizi wa Keith Johnston, mchora ramani, katika msafara wa kutafuta njia kutoka Dar es Salaam hadi Ziwa Nyasa. Wakati huo pwani ya Afrika ya Mashariki ilikuwa na ramani nzuri kiasi, kwa sababu meli za Kiingereza chini ya William Owen zilikwisha kupima fukwe na kina cha bahari katika miaka ya 1820. Habari za bara zilikuwa chache.

Msafara wa 1879–1880

Msafara uliondoka Dar es Salaam mwezi Mei 1879. Mnyapara wa wapagazi alikuwa Chuma, Myao aliyemtumikia David Livingstone na kushiriki kuuleta mwili wake hadi Bagamoyo mwaka 1874. Tarehe 28 Juni 1879 Johnston alifariki huko Behobeho, kaskazini mwa mto Rufiji, kwa ugonjwa wa kuhara damu.

Thomson alikuwa na umri wa miaka 21. Aliyeletwa kuchora ramani alikuwa amekufa, na yeye mwenyewe alikuwa msomi wa miamba. Hata hivyo hakurudi pwani. Akimtegemea Chuma kwa lugha, chakula na mazungumzo na watawala, alifika nchi ya Mahenge na mto Ulanga, akapanda nyanda za juu za Uhehe na Ubena, akafika Ziwa Nyasa mwezi Septemba.

Kutoka huko aliendelea hadi Ziwa Tanganyika, ambako palikuwa na swali kuhusu mto Lukuga. Cameron alisema mwaka 1874 kwamba mto huo hutoa maji ziwani. Stanley mwaka 1876 aliukuta umezibika. Mwishoni mwa 1879 Thomson aliukuta ukitiririka kwa nguvu kuelekea magharibi. Kina cha ziwa kilikuwa kimepanda mpaka maji yakavunja kizuizi. Katika safari ya kurudi aliliona Ziwa Rukwa, akafika pwani katikati ya mwaka 1880 bila kupigana vita.

Namna ya kupima

Ramani ya kawaida huonyesha mahali kwa pande mbili. Upande wa tatu ni kimo, na wasafiri wa zama hizo waliutafuta kwa barometa au kwa kuchemsha maji. Kwenye usawa wa bahari maji huchemka kwa digrii 100 za selsiasi. Kila mtu apandapo mita 300 hivi, kiwango hicho hupungua kwa digrii moja. Hivyo mtu anayetoka Ifakara (takriban mita 250) kwenda Iringa (takriban mita 1,550) ataona tofauti ya digrii 4 hivi.

Njia hiyo ilitosha kuonyesha ukuta wa milima ya Udzungwa, inayozidi mita 2,500. Haikutosha kwa bonde lenyewe. Mabadiliko ya hali ya hewa pekee huweza kukosesha kipimo kwa makumi ya mita, na katika mbuga za Kilombero tofauti ya nusu mita huamua ni shamba gani la mpunga litafurika. Kwa sababu hiyo nchi kama hii, kuanzia Masagati upande wa kusini-magharibi hadi Ifakara, inahitaji vipimo vya leza, droni na satelaiti, kama vile bahari na maziwa yanavyopimwa kwa mwangwi wa sauti. Upimaji wa ardhi hufundishwa nchini katika Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam.

Safari za baadaye

Mwaka 1881 Sultani Barghash wa Zanzibar alimtuma kutafuta makaa ya mawe karibu na mto Ruvuma. Thomson alitoa taarifa kwamba hayakuwepo ya kufaa, jambo lililomchukiza sultani. Miaka 1883–1884 alivuka nchi ya Wamasai hadi Ziwa Viktoria, na mwaka 1885 alipewa nishani ya dhahabu ya Chama cha Kijiografia. Baadaye alisafiri Sokoto, Moroko na kusini mwa Kongo, akifanya kazi pia kwa makampuni yaliyotaka mikataba na watawala wa Kiafrika.

Habari zilizokusanywa kwa miguu ya wapagazi na kwa maelezo ya wenyeji zilitumika upesi na wengine: mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani ziligawana maeneo ya Afrika ya Mashariki bila kuwauliza wakazi wake.

Thomson alifariki London akiwa na umri wa miaka 37, afya yake ikiwa imeharibiwa na safari. Chuma alikuwa amemtangulia, mwaka 1882.